Punda wa marehemu baba anatema majani, na ami hataki kuiweka chupa chini

Bi Mifugo, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mkaazi wa Makunduchi, miaka yangu 41. Nina punda dume, kahasiwa zamani, anaitwa Jenereta. Marehemu baba alimnunua ule wakati umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Pampu zilinyamaza, maji yakawa ya kufuatwa visimani kwa madumu, na mwenye gari la punda akawa na heshima kuliko mwenye gari la petroli. Jina alipewa na vijana wa mtaani. Usiku nyumba za wageni zikiwasha majenereta yao, na yeye huanza kulia, na hanyamazi mpaka wazime. Aliyemuuza alisema ana miaka 7. Baba alimfungua mdomo, akatazama, akasema, "Haya, na tuseme 8."

Amechukua maji, kuni, matofali, magunia ya mwani wa mama, na vyombo vya mke wangu siku aliyohamia kwangu. Kabla ya kufariki baba aliniusia neno moja tu juu yake: asiuzwe.

Tangu mwezi wa Ramadhani anakonda. Mbavu nazihesabu. Kula anakula, tena kwa hamu, nikimtupia majani huyakimbilia. Lakini hutafuna upande mmoja, hukaa na tonge mdomoni muda mrefu, kisha hulidondosha. Kila asubuhi nafagia bandani matonge ya majani yaliyosokotwa, yamelowa mate, urefu wa kidole. Mdomo wake unanuka kama samaki wa juzi. Mavi yake yana nyuzi ndefu za majani, hayakuwa hivyo zamani. Miguu ya mbele huwa mizito akiamka, ila akitembea kidogo inalainika.

Sasa kila mtu ana dawa. Wa kwanza ni ami yangu, mdogo wake baba, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na ng'ombe na punda amewauguza tangu mimi sijazaliwa. Kila siku akitoka msikitini Alfajiri huja na chupa ya soda: habasoda iliyopondwa, asali, siki na maji ya vuguvugu. Mimi nashika kichwa nakiinua juu, yeye anamimina. Wiki ya tatu sasa. Katika wiki hizi mbili punda ameanza kukohoa, na puani hutoka maji yenye rangi. Ami anasema hayo ndiyo maradhi yanatoka. Mara mbili pia amempaka ufizi mafuta ya makonyo, ufizi ukageuka mweupe, na siku ile hakugusa kitu.

Mke wangu huleta pumba za mchele kutoka mashine ya kukoboa, ndoo nzima, anampa kavu. Mdogo wangu anafuga kuku wa nyama, na wiki tatu zilizopita alimpa punda bakuli la chakula cha kuku kilichobaki, eti kina protini; nikamwambia angoje kwanza. Jirani anasema ni mifupa, nimtilie chokaa ya tanuu kwenye maji. Kaka yangu aliyeko Maskati ametuma kopo kubwa la unga wa farasi wazee, lina picha ya frasi mweupe anaruka, na anapiga simu kila Ijumaa kuuliza limefika wapi. Na mimi mwenyewe, nisifiche, nimenunua vidonge vya diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya miguu yake. Bado viko mfukoni.

Nakuuliza kipi nimpe na kipi niache. La pili ndilo linaloninyima usingizi: nimwambieje ami? Huyu ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya harusi yangu. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba dawa yake haifai.

Mwenye Jenereta, Makunduchi

*

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu. Nilipiga mstari mahali pawili: kikohozi, na yale matonge unayoyafagia. Mengine yote tutayafikia, lakini kikohozi hakingoji, kwa hiyo nianze nacho.

Chupa isitumike tena. Si kesho, leo. Habasoda siyo ninayoikataa, ni ule mdomo wa chupa. Punda ukimwinua kichwa ukammiminia kitu, njia ya chakula na njia ya pumzi zinakuwa kama milango miwili iliyo wazi, na maji hayachagui. Kinachoingia pafuni hakitoki kirahisi, na kile chenye siki na asali kinaunguza na kulisha vijidudu kwa pamoja. Nina sababu ya kulisema hili bila kupepesa. Mwaka wangu wa kwanza kazini, huko kwetu Pemba, nilimnywesha mafuta punda jike aliyefunga choo, kwa chupa, kichwa juu, mwenyewe kashika, nami najiona fundi. Choo alikipata siku ile ile. Siku ya sita alikufa kwa pafu. Mwenye punda alinishukuru kwa kujitahidi, na shukrani ile naikumbuka kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa.

Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili na maji ya rangi puani, kwa punda anayenyweshwa kila siku, ni jambo la daktari wa wanyama wiki hii. Nenda ofisi ya mifugo ya wilaya, waeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, asikilizwe mapafu na apimwe joto. Huenda akahitaji sindano kwa siku kadhaa. Kama puani unaona pia vipande vya majani au pumba, waambie, maana hapo huenda chakula kinamkwama kooni, na hilo lina dawa yake tofauti.

Sasa matonge. Mwanangu, Jenereta wako hana ugonjwa wa kukosa vitamini. Ana meno.

Jino la punda si kama letu. Letu likishaota ndiyo limefika. Lake limezama ndani ya taya kama penseli ndani ya mkebe, na kila mwaka husukumwa nje milimita 2 au 3 kufidia linavyosagika kwenye majani. Penseli hiyo ina mwisho. Punda wa miaka 22 au 23 anatumia kipande cha mwisho cha penseli, na baadhi ya magego yake huenda yamekwisha kabisa. Tena taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo ukingo wa nje wa magego ya juu na ukingo wa ndani wa ya chini hausagwi, unabaki mkali kama kisu cha kuparia samaki. Juu unakata shavu, chini unakata ulimi. Ndiyo maana anatafuna upande mmoja. Chakula kinachobaki kwenye mapengo kinaoza, ndiyo ile harufu. Na lile tonge analolisokota na kulidondosha ni majani aliyoyatafuna mpaka akachoka, hayakusagika, akaona bora ayateme. Yale machache anayoyameza ndiyo zile nyuzi ndefu unazoziona kwenye mavi. Yaani barua yako imeeleza kila kitu, isipokuwa hakuna hata mmoja kati ya watu sita waliomletea dawa aliyemtazama mdomoni. Baba yako ndiye aliyemtazama mara ya mwisho, tena siku ya kumnunua.

Jambo moja unaweza kulifanya mwenyewe jioni hii. Simama ubavuni mwa kichwa chake, si mbele, upitishe vidole kwa nje juu ya shavu, kuanzia pembe ya mdomo kurudi nyuma, ukibonyeza polepole. Akistuka au akivuta kichwa mahali pamoja kila ukifika, umepata. Mkono usiuingize ndani hata kidogo. Magego yako mbali, na punda aliyeumia hajui kuwa wewe ni mwanawe.

Ndani ataingia daktari, mwenye chuma cha kuachamisha kinywa na tupa ndefu ya meno. Mwambie mapema kwamba kazi ni ya meno, ili aje na vifaa na dawa ya kumtuliza. Zile ncha kali zitapigwa tupa, jino linalocheza litang'olewa, pengo litasafishwa. Asitake kuyasawazisha yote yawe kama ya kijana, kwa mzee jino limebaki fupi na ukilisaga sana unammalizia. Kisha atazamwe tena kila baada ya miezi 6.

Tukirudi kwenye dawa za watu wako, nitazipitia moja moja, ya hatari zaidi kwanza.

Chakula cha kuku ndicho kilichonifanya niweke miwani vizuri. Vyakula vingi vya kuku wa nyama huchanganywa dawa za kuzuia kuhara damu, kama monensini na salinomaisini. Kuku hazimdhuru. Farasi na punda huwaua, kwa kipimo kidogo mno, kwa sababu zinaharibu misuli ya moyo. Bakuli lile moja, wiki tatu zimepita na bado yuko wima, hiyo ni heri. Lakini moyo uliochubuka unaweza kumwangusha mnyama siku nyingi baadaye, siku anapotumika kwa nguvu. Basi asifungwe gari, hata la kuni chache, mpaka daktari ausikilize moyo wake. Mdogo wako hakukosea kwa ubaya, mfuko wa kuku hauandikwi "si wa punda". Ila gunia lile lihamishwe mbali na banda, na ndoo zisichanganywe.

Chokaa ya tanuu: hapana, hapana. Jirani yako ana nusu ya hoja, maana kalsiamu kweli inahitajika, nitaifikia. Lakini chokaa inayotoka tanuuni ni jiwe lililochomwa. Anayeijua ni fundi wa kupaka chokaa, muulize vidole vyake vikoje jioni. Ikikutana na maji inaunguza, na mdomo ule ule tayari una vidonda.

Diklofenaki irudishe dukani kama watakupokea. Dawa za maumivu za jamii hiyo zikitolewa kwa kukisia humchimba punda vidonda vya tumbo na kumchosha figo, na mzee asiyekula vizuri ndiye zinayemuumiza upesi. Punda, tofauti na binadamu, hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Miguu inayolainika akitembea ni maungo ya uzee. Daktari akiona haja atampa dawa ya maumivu ya wanyama kwa kipimo cha uzito wake. Wakati huo huo mtembeze polepole asubuhi na jioni, bila mzigo, kwenye mchanga mgumu. Banda lake liwe kavu na kwato zikatwe. Punda wa kwenye mawe ya Makunduchi kwato hujisaga zenyewe anapofanya kazi, akikaa bure zinarefuka na kumpotosha mguu, na watu wakasema ni baridi yabisi.

Mafuta ya makonyo nimeyanusa tangu nikiwa mtoto, kiwanda kiko Wawi, Chake Chake, na upepo wa siku hizo ulikuwa wa bure. Ni dawa kweli ya jino la mtu, yanatia ganzi. Lakini tone moja kwenye pamba ndani ya tundu la jino ni kitu kimoja, na kidole kilichochovya kupakwa ufizi mzima ni kingine. Ule weupe uliouona ni nyama iliyoungua. Na hata yangefanya kazi, ganzi ya dakika chache hailipunguzi jino lenye ncha.

Habasoda, asali na siki zenyewe hazina ubaya mkubwa. Kijiko cha asali ndani ya ndoo hakijamuua punda, ingawa sukari nyingi si rafiki wa kwato zake. Siki kidogo kwenye chakula, akiipenda, haya. Habasoda hali kadhalika. Vitunguu thomu ndivyo visifuate njia hiyo, maana mtu akishaanza na kopo la viungo haachi. Thomu na vitunguu maji vikiwa vingi huvunja damu ya farasi na punda. Na mwani wa mama, kama kuna atakayeutaja, ubaki wa kuuza. Una chumvi na madini joto ambayo huwezi kuyapima kwa jicho. Huko ughaibuni farasi jike waliolishwa magugu ya bahari kupita kiasi walizaa watoto wenye shingo zilizovimba.

Pumba ndizo zitakazonichukua muda, kwa sababu ni chakula kizuri kinachotolewa vibaya, na nusu ya punda wa Unguja wanalishwa hivyo. Pumba za mchele zina mafuta na nguvu, kwa mzee asiyetafuna zinafaa. Lakini fosforasi yake huzidi kalsiamu mara kumi au zaidi, na punda anataka kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, tena ikizidi kidogo ndiyo bora. Ukimjaza pumba kila siku, mwili unaitafuta kalsiamu mahali ilipo, nayo iko kwenye mifupa. Inakwanguliwa huko. Mifupa ya uso inavimba, meno yanalegea, anachechemea leo mguu huu kesho ule. Ndoo nzima kila siku, basi, inayalegeza meno yale yale unayotaka kuyaokoa. Na zikiwa kavu, mate hayazitoshi, zinavimba kooni au tumboni.

Kwa hiyo mke wako aendelee kuleta pumba, na umshukuru, ila iwe hivi. Nusu kilo kwa siku, isizidi. Ziloweke maji mpaka ziwe uji mzito, ule unaoshika kwenye mwiko na kudondoka kwa uvivu. Tia kijiko kikubwa kilichojaa cha chokaa ya mifugo, ile isiyochomwa, unga mweupe wanaochanganyiwa kuku wa mayai, maduka ya vyakula vya mifugo wanayo na bei yake ni ndogo. Iulize kwa jina lote, "chokaa ya mifugo", usije ukarudi na ya kupakia ukuta. Chumvi ya kupikia kijiko cha chai. Na kabla ya kuloweka, tia pua ndani ya gunia. Msimu wa masika pumba hushika ukungu chini, pale usipopaona. Za mahindi zikiota ukungu ni mbaya zaidi: kuna sumu ya ukungu inayoyeyusha ubongo wa farasi na punda, mnyama anazunguka, anagonga kichwa ukutani, na siku chache amekwenda. Ng'ombe anaweza kula gunia lile lile akacheua kwa raha.

Pumba si chakula chote. Punda wa kilo 160 hivi anahitaji kilo 2 mpaka 3 za chakula kikavu kwa siku, na majani mabichi mengi ndani yake ni maji, kwa hiyo kwa mzigo ni zaidi ya kilo 10. Majani yawe machanga, yale ya asubuhi, na uyakatekate kwa panga juu ya gogo mafupi mafupi, kama mchicha wa kupika. Mabua na majani magumu yaache, hayo ndiyo mavi yenye nyuzi na ndiyo yanayoziba utumbo. Matembele anapenda. Mlonge ukiwa uani, mkatie, una kalsiamu. Mlusina waachie ng'ombe na mbuzi: farasi na punda wakiula sana manyoya ya shingo na mkia yanapukutika, nimeona punda kule Dole ana mkia kama kamba ya ndoo na mwenyewe anasema karogwa.

Na kuna kitu kiko jikoni kwako kila siku ambacho hakuna aliyekitaja, na mimi ningekiweka mbele ya kopo la Maskati: machicha ya nazi. Wenye farasi huko Australia hununua mashudu ya nazi kwa magunia kwa ajili ya wazee na waliokonda, kwa sababu yana mafuta na protini, na wanga wake ni mdogo. Sisi tunayamwagia kuku. Machicha ya nazi moja, mabichi, ya siku ile ile, changanya kwenye uji wa pumba. Anza na kiganja, ongeza kwa muda wa wiki mbili. Utumbo wa punda hauna haraka, ukimbadilishia ghafla anaumwa tumbo. Ya jana usimpe. Yamechacha, utayajua kwa harufu.

Mgawie mara 4 au 5 kwa siku, kidogo kidogo, peke yake, mbuzi wasimnyang'anye, maana mzee anakula taratibu. Maji yawe safi, yawe kivulini, ndoo ioshwe. Akiacha kula siku nzima, usiseme kesho ataona njaa. Punda mwenye mwili uliochoka akisusa, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuliziba ini, na yeye bado amesimama kimya kama hana neno. Punda si mtu wa kulalamika. Huyo wako alilalamikia majenereta tu.

Umnunulie kamba ya katani. Ipitishe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, funga fundo inapokutana, andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kitambaa ukifunge pale. Ijumaa ijayo fanya tena, fundo jingine. Usimpime kwa kutazama shingo. Nundu ya mafuta ya shingoni hubaki hata punda akibaki mifupa, imewadanganya wengi. Mkono juu ya mbavu na kamba, basi. Ukishapata mafundo sita utajua kama anapanda au anashuka, na wewe na daktari mtakuwa mnazungumza kitu kimoja.

Ami sasa.

Umeniandikia kana kwamba una njia mbili, kumwambia dawa yake haifai au kunyamaza. Mimi nimekaa na wazee wa namna yake miaka mingi, na wengi walinishinda kwa jicho. Hakuna atakayependa kuambiwa na kijana wa miaka 41 kwamba chupa yake imemtia punda kikohozi. Lakini pia hakuna mzee mwenye mifugo atakayekataa kuitwa kutazama. Nenda kwake leo baada ya Alasiri, si asubuhi bandani mbele ya watu. Chukua matonge matatu ya majani kwenye jani la mgomba. Mwekee mbele. Mwambie, "Ami, haya nayaokota kila siku. Naomba uje unitazamie mdomo, baba ndiye aliyemtazama mara ya mwisho." Nyamaza hapo. Ana macho, na anazijua punda. Atasema meno kabla yako. Akishasema yeye, wewe ongeza tu: "Basi na maji yanaweza kuwa yanapotea njia, nasikia anakohoa. Hii dawa tuitie kwenye uji wake, aile mwenyewe." Kijiko cha habasoda ndani ya uji wa pumba hakimdhuru, na ami atakuwa bado anakuja Alfajiri, akiwa na kibakuli badala ya chupa.

Siku ya daktari ami awepo. Mtu wa kushika kichwa ni muhimu kuliko unavyodhani, punda anamjua, na tochi ataishika yeye. Na akitaka kumsomea, asome. Mwenye hoja na dua si mimi.

Kuna uwezekano mmoja ambao sitaki ukukute ghafla. Daktari anaweza kufungua akakuta magego yamekwisha pande zote. Hapo bado kuna muda, punda wengine hula uji na majani ya kusaga miaka kadhaa. Lakini kama mafundo ya kamba yanazidi kurudi nyuma, au siku amelala na hawezi kuinuka, muulize daktari juu ya sindano ya mwisho. Usimwachie porini. Baba yako alisema asiuzwe, na huko porini ni kumuuza kwa bei ya bure. Akifa, shimo liwe refu, mbali na kisima, hasa kama alikuwa kwenye dawa.

Kopo la Maskati nimeliacha mwisho, kwa sababu lina umuhimu wa mwisho. Nikikisia lililomo: glukosamini ya maungo, vitamini, madini. Glukosamini ya kulishwa, ushahidi wake kwa farasi ni dhaifu. Haina madhara makubwa, ila miujiza hamna. Vitamini C punda hujitengenezea mwenyewe. Cha kuangalia ni madini yaitwayo seleni. Ikitajwa kwenye lebo, jua kwamba kati ya inayotosha na inayozidi ni hatua fupi, na kijiko kile kimepimwa kwa farasi wa kilo 500, si kwa Jenereta. Mpe daktari alisome kopo. Akikuruhusu, theluthi ya kijiko ndani ya uji, na usilichanganye na kopo jingine lolote. Asipokuruhusu, lifunge vizuri, liweke juu ya kabati. Kaka yako akipiga Ijumaa kuuliza, mwambie bado lipo jingi.